Timu ya hoki imeuzwa: namna ya kuisoma habari hiyo hatua kwa hatua

Kila timu kubwa ya hoki ya barafu inapouzwa, maswali ni yale yale. Timu itahama? Tiketi zitapanda? Mabilioni yote hayo ni ya kusajili wachezaji? Na kampuni ya simu inatafuta nini kwenye barafu? Baadhi ya wanaouliza ni ndugu zetu walioko Toronto, Ottawa au Winnipeg, waliokutana na NHL, ligi kuu ya hoki ya barafu ya Marekani na Kanada, baada ya kuhamia Kanada. Wengine wako Dar au Nairobi, wamekutana na kichwa cha habari chenye sifuri nyingi na hawajui waanzie wapi. Fuata hatua zilizo hapa chini na utaweza kujijibu mwenyewe, habari ya mauzo iwe ya leo au ya mwaka kesho.

Mfano wangu mkuu ni Toronto Maple Leafs. Umiliki wake umeingia mikononi mwa makampuni ya mawasiliano mara mbili, mwaka 2012 na mwaka 2025, na karatasi za mauzo yote mawili ziko wazi. Timu nyingine nitazigusa pale zinapofundisha jambo ambalo Leafs haifundishi.

Andaa haya kwanza

- Taarifa rasmi ya muuzaji na ya mnunuzi, zile zinazotoka siku ya kusaini. Rogers na BCE (kampuni mama ya Bell), makampuni mawili ya mawasiliano ya Kanada, zote zimeorodheshwa kwenye soko la hisa, kwa hiyo dili kubwa hawawezi kulificha. Taarifa zimo kwenye kurasa zao za wawekezaji, bure.
- Kikokotoo. Cha kwenye simu kinatosha.
- Kiwango cha kubadilisha fedha cha siku ya tangazo, siyo cha siku unayosoma.
- Karatasi na kalamu. Utachora.

Sheria za hoki huzihitaji hapa. Hata kama hujui goli linakataliwa lini, hesabu itakwenda.

Hatua ya 1: Jua kilichouzwa ni timu au kampuni

Watu wengi hujikwaa hapa. Gazeti likiandika "Rogers wanunua Leafs", limesema nusu ya habari. Maple Leafs ni mali ya kampuni iitwayo Maple Leaf Sports & Entertainment, kwa kifupi MLSE. Kampuni hiyo hiyo inamiliki Raptors ya mpira wa kikapu, Toronto FC ya soka, Argonauts ya mpira wa Kikanada (unaofanana na ule wa Marekani, si soka), Marlies ambayo ni timu ya hoki ya daraja la chini, na ukumbi wenyewe wa Scotiabank Arena. Anayenunua hisa za MLSE ananunua kapu zima. Ukiichukua bei ya kapu ukaiita bei ya Leafs, hesabu zako zote zinazofuata zitakuwa na kasoro.

Andika juu kabisa ya karatasi yako jina la kampuni inayouzwa. Chini yake orodhesha vyote vilivyomo.

Hatua ya 2: Chora wamiliki wa kabla na wa baada

Gawa karatasi safu mbili. Safu ya kwanza ni hali kabla ya mauzo, ya pili ni baada ya mauzo. Kila safu lazima ifike asilimia 100.

Tuanze na dili la kwanza. Kabla yake, mwenye sauti MLSE alikuwa mfuko wa pensheni wa walimu wa Ontario, ukiwa na asilimia 79.53. Ndiyo, walimu wa shule. Makato ya mishahara yao ya uzeeni yalikuwa yamewekezwa kwenye hoki, na mashabiki wenye hasira hawakukosa wa kumlaumu. Asilimia 20.47 zilizobaki zilikuwa za mfanyabiashara Larry Tanenbaum. Tarehe 9 Desemba 2011 mfuko ulitangaza kuuza fungu lake lote kwa dola za Kanada bilioni 1.32. Safu ya pili ikawa hivi: Bell asilimia 37.5, Rogers asilimia 37.5, Tanenbaum asilimia 25.

Sasa dili la pili. Tarehe 18 Septemba 2024 Rogers walitangaza kununua asilimia 37.5 za Bell kwa dola za Kanada bilioni 4.7. Baada yake Rogers wana 75, na Tanenbaum amebaki na 25 zake.

Itazame michoro yako miwili sambamba. Mwaka 2011 Bell na Rogers walisema kila upande ungetoa taslimu takriban dola za Kanada milioni 533 kwa fungu lake la 37.5. Mwaka 2024 fungu kama hilo hilo limeuzwa kwa bilioni 4.7, karibu mara tisa ya pesa ile. Mchoro huo mdogo unaeleza kwa nini matajiri wanagombea timu ambayo haijatwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, tangu 1967.

Hatua ya 3: Piga hesabu ya thamani ya kampuni nzima

Gawa bei kwa asilimia iliyouzwa. Basi.

Jipashe moto na mfano wa nyumbani. Mwaka 2017 Mohammed Dewji alishinda zabuni ya asilimia 49 za Simba kwa shilingi bilioni 20. Gawa 20 kwa 0.49, unapata thamani ya klabu nzima ya takriban shilingi bilioni 40.8. Hesabu ya Toronto ni ile ile: 4.7 gawa kwa 0.375, jibu ni dola za Kanada bilioni 12.5 na ushee.

Kuna makosa matatu ya kukwepa hapa.

La kwanza ni kuchanganya dola. Mwaka 2023 mfuko mwingine wa pensheni, OMERS, ulinunua asilimia 5 za MLSE kupitia fungu la Tanenbaum kwa milioni 400. Gawa kwa 0.05, unapata bilioni 8. Msomaji wa haraka ataona 8 mwaka 2023 na 12.5 mwaka 2024, aseme thamani imeruka kwa zaidi ya nusu ndani ya mwaka mmoja. Lakini zile 8 ni za Marekani na hizi 12.5 ni za Kanada. Zigeuze ziwe za aina moja ndipo ulinganishe. Utakuta imepanda, ila si kwa kishindo hicho.

La pili ni kusahau deni. Bei moja inaweza kujumuisha madeni ya kampuni na nyingine isijumuishe. Katika dili la 2011 ukigawa bilioni 1.32 kwa 0.7953 unapata jibu moja, na ukigawa pesa taslimu za Bell na Rogers kwa 0.75 unapata jibu dogo zaidi. Usihangaike kutafuta jibu moja la kweli. Andika yote mawili, na pembeni andika kila moja limetoka kwenye namba gani.

La tatu ni kudhani asilimia zote zina uzito sawa. Asilimia 5 za OMERS hazikumpa mtu usukani. Asilimia 37.5 za Bell ziliwatoa Rogers kwenye ubia wa kuvutana na kuwapa kauli ya mwisho. Fungu linaloleta usukani huuzwa ghali zaidi, na ndivyo inavyostahili.

Hatua ya 4: Uliza kwa nini muuzaji anauza

Wanahabari huruka hatua hii kwa sababu mnunuzi ndiye mwenye sherehe. Wewe usiiruke.

Tafuta sentensi ya muuzaji inayoeleza pesa itafanya nini. Mwezi Septemba 2024 Bell walisema itapunguza madeni. Mwezi Novemba mwaka huo huo wakatangaza kununua Ziply Fiber, kampuni ya intaneti ya nyaya za faiba iliyoko kaskazini magharibi mwa Marekani, wakasema takriban dola za Kanada bilioni 4.2 zitakazobaki kwenye mauzo ya MLSE zitakwenda huko. Kwa hiyo fungu la timu ya Toronto limegeuka nyaya za intaneti huko Washington na Oregon. Hakuna senti iliyorudi kwenye barafu.

Muuzaji anayeuza ili kupata pesa ya jambo jingine hasemi timu ni mbaya. Anasema tu kwamba ana mahali anapoona faida zaidi, au ana mzigo unaomlemea. Ukiliona hilo mapema, hutaumiza kichwa ukitafuta siri kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Hatua ya 5: Uliza mnunuzi ananunua nini hasa

Kama una dakika chache tu, zitumie hapa.

Rogers ni kampuni ya simu, intaneti na televisheni. Ina chaneli za michezo za Sportsnet. Bell nao ni kampuni ya simu, intaneti na televisheni, na chaneli zao ni TSN. Watu siku hizi wanaangalia filamu na tamthilia saa wanayotaka, matangazo ya biashara wanayaruka. Mechi haiangaliwi kesho. Mtu anakaa mbele ya runinga saa moja jioni kwa sababu puki (kisahani kinachochezewa hoki) inaangushwa saa moja jioni, na tangazo linalopita hapo analiona. Saa hizo za mechi ndizo mnunuzi anazozitaka, na timu ndiyo kiwanda chake.

Angalia namba. Mwaka 2013 Rogers walinunua haki za kitaifa za kutangaza NHL nchini Kanada kwa miaka 12, kwa dola za Kanada bilioni 5.2. Aprili 2025 wakasaini nyingine ya miaka 12, kuanzia msimu wa 2026–27, kwa bilioni 11. Kampuni inayolipa mabilioni kutangaza mechi haiwezi kukaa kimya ikiona timu yenye mashabiki wengi kuliko zote kwenye eneo la Toronto iko pia mikononi mwa mshindani wake.

Kwa maoni yangu, dili la 2011 lilikuwa la woga. Washindani wawili wa kufa na kupona walinunua pamoja kwa sababu hakuna aliyekubali mwenzake ainunue peke yake. Ubia wa namna hiyo hudumu mpaka mmoja aishiwe pumzi ya pesa, na ndicho kilichotokea.

Kwenye taarifa yoyote, tafuta kifungu cha matangazo. Bell walipouza hawakuondoka mikono mitupu: walipata makubaliano ya muda mrefu, miaka 20, ya TSN kuendelea kupata nusu ya mechi za Leafs za kanda na nusu ya mechi za Raptors ambazo haki zake ziko chini ya MLSE, kwa bei ya soko. Kwa shabiki anayelipia king'amuzi, kifungu hiki kina maana kuliko bilioni 4.7. Kinamwambia kwamba bado atahitaji chaneli mbili.

Hatua ya 6: Hesabu ruhusa zinazohitajika

Pesa peke yake hainunui timu ya NHL. Robo tatu ya bodi ya magavana, yaani wawakilishi wa wamiliki wa timu zote, lazima wakubali. Mwaka 2009 Jim Balsillie, bosi mwenza wa kampuni iliyotengeneza BlackBerry, alitaka kuinunua Phoenix Coyotes iliyofilisika na kuihamishia Hamilton, Ontario. Aliweka mezani dola za Marekani milioni 212.5, baadaye akaongeza. Magavana walimpigia kura 26 kwa 0. Za kumkataa. Mahakama ya ufilisi nayo haikumpa timu, na mwishowe ligi yenyewe ikainunua kwa milioni 140. Mwenye pesa zaidi alishindwa kwa sababu alitaka kuingia kwa mlango ambao wenzake hawakumfungulia.

Kampuni yenye timu nyingi inahitaji ruhusa nyingi. MLSE iko chini ya ligi za hoki, kikapu, soka na mpira wa Kikanada, kila moja na kanuni zake. Juu yake kuna wadhibiti wa serikali wa ushindani na wa utangazaji.

Kanuni za ligi zinaweza hata kubadili umbo la dili. Wakati wa ununuzi wa kwanza Bell walikuwa tayari na asilimia 18 za Montreal Canadiens, mahasimu wa jadi wa Leafs. Ili wasiziachie na wasivunje kanuni za NHL, fungu lao la Toronto liligawanywa: takriban asilimia 28 likashikwa na Bell wenyewe, na takriban 9 likawekwa kwenye mfuko wa pensheni wa wafanyakazi wa BCE, ili kampuni ibaki chini ya kikomo cha 30. Ukikuta fungu limekatwa vipande visivyoeleweka, jiulize kuna kanuni gani inayokwepwa kihalali.

Hatua ya 7: Tenganisha siku ya kusaini na siku ya kukabidhiana

Dili la kwanza lilitangazwa Desemba 2011, likakamilika 22 Agosti 2012. La pili lilitangazwa Septemba 2024, likakamilika 1 Julai 2025. Katikati hapo mmiliki wa zamani bado ndiye mmiliki. Shabiki anayemlaumu mnunuzi kwa usajili uliofanyika miezi miwili baada ya tangazo analaumu mtu asiye na funguo.

Na wakati mwingine pesa haifiki. Mwaka 1996 John Spano wa Dallas alikubaliana kununua New York Islanders kwa dola za Marekani milioni 165. Ligi ikampitisha, benki ikamkopesha milioni 80. Malipo yalipofika muda wake, visingizio vikaanza. Safari moja zilisubiriwa milioni 17, zikaingia dola 1,700. Utajiri wenyewe haukuwepo, na Spano akaishia gerezani. Tangu hapo ligi huwachunguza wanunuzi kwa makini zaidi, lakini wewe andika neno "imeuzwa" kwenye karatasi yako baada ya pesa kupita, si kabla.

Hatua ya 8: Tafuta mlango ulioachwa wazi

Mwisho, soma aya za chini kabisa za taarifa. Kuna haki yoyote ya kununua fungu lililobaki? Lini? Katika dili la Rogers jibu ni ndiyo: kuanzia Julai 2026 wana haki ya kuchukua asilimia 25 za Tanenbaum. Weka alama ya tarehe hiyo. Ndiyo inayokuambia kama mchoro wako wa wamiliki ni wa kudumu au ni kituo cha njiani.

Ukikwama

*Asilimia hazifiki 100, au zinazidi.* Umehesabu mtu mara mbili. OMERS alinunua ndani ya fungu la Tanenbaum, hakuongezwa pembeni yake. Kwenye mchoro mweke chini ya Tanenbaum.

*Magazeti mawili yana bei mbili.* Angalia dola kwanza, kisha deni, kisha kama moja inataja fungu na nyingine inataja kampuni nzima. Mara nyingi ni dola.

*Je, pesa ya mauzo itasajili wachezaji?* Hapana. Inakwenda kwa muuzaji. Tena NHL ina ukomo wa mishahara, dola za Marekani milioni 95.5 kwa kila timu msimu wa 2025–26, na tajiri wa Toronto haruhusiwi kuuvuka zaidi ya mwingine. Pale ambapo mmiliki mwenye fedha anaweza kuleta tofauti ni nje ya ukomo: makocha, wasaka vipaji, madaktari, viwanja vya mazoezi.

*Timu itahama?* Angalia nani anamiliki ukumbi na mkataba wa pango una miaka mingapi. MLSE wanamiliki ukumbi wao, tena katikati ya mji unaolipa. Lala usingizi. Dalili za kuhama ni ukumbi wa kupanga, mashabiki wachache na mnunuzi mwenye makao mji mwingine. Atlanta Thrashers ilikuwa na mashabiki wachache, na mwaka 2011 ikanunuliwa na kampuni ya Winnipeg kwa dola za Marekani milioni 170, ambazo milioni 60 kati yake zilikuwa ada ya ligi ya kuhama. Coyotes nao mwaka 2024 waliishia Salt Lake City baada ya kucheza misimu miwili kwenye ukumbi wa chuo kikuu wenye viti visivyofika elfu tano.

*Tiketi je?* Taarifa ya mauzo haitakujibu. Toronto bei hupangwa na foleni ya wanaotaka kuingia, na foleni ilikuwa ndefu chini ya walimu, ndefu chini ya wabia wawili, na sioni kwa nini ifupike sasa.

*Naweza kununua hisa za Leafs?* Moja kwa moja, hapana. Unaweza kununua hisa za Rogers, lakini utakuwa umenunua biashara ya simu yenye hoki ndani yake, na hisa za daraja B zinazouzwa zaidi sokoni hazina kura ya kawaida. Kura nyingi ziko kwa familia ya Rogers. Ukitaka kampuni iliyo karibu zaidi na michezo yenyewe, tazama MSG Sports kwenye soko la New York, wamiliki wa Rangers wa hoki na Knicks wa kikapu. Hapo pia familia ya Dolan ndiyo inayoshika kura nyingi, kwa hiyo kabla ya kumpigia dalali wako rudi hatua ya 2 na uchore.